Tundu la Chini

Kwanza ni ule mlio. Ulianzia ng'ambo ya ziwa, mbali, kama mtu anayekokota mnyororo mzito juu ya sakafu ya mbao. Ukaja ukikua, ukapita karibu kabisa na nyumba, ukapotelea kwenye misonobari ya upande wa pili. Kimya. Halafu tena.

Renae Sandvik aliusikia akiwa kitandani, koti lake la nje likiwa juu ya mablanketi. Watu waliokulia kando ya ziwa lile husema mlio huo ni dawa ya usingizi: barafu inanenepa, inajinyoosha, kesho gari litapita juu yake bila wasiwasi. Darrin, mumewe, alikuwa akisema, "Sikia, mzee anakoroma," kisha yeye mwenyewe anaanza kukoroma. Sasa upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa, umenyooka, na mlio ule haukuwa koromo la mtu yeyote.

Nyumba ilikuwa baridi kwa sababu Renae mwenyewe aliitaka iwe baridi. Hita alikuwa ameiteremsha hadi kiwango cha kuzuia mabomba ya maji yasigande, basi. Mjini walikwishasema kwamba Renae ndiye aliyefunga dirisha la kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, usiku ule Darrin alipokufa, kwa sababu ni mtoto wa jiji la Fargo, amelelewa kwenye nyumba zenye joto, hata kiangazi anatembea na sweta. Tangu asikie maneno hayo aliapa moyoni kwamba hakuna atakayemwona akitafuta joto tena. Analala na koti. Asubuhi anakunywa kahawa huku akiiona pumzi yake.

Alikuwa ndiyo kwanza amemimina kikombe mlango ulipogongwa. Alikuwa Gaylen, askari wa maliasili, kofia mkononi.

"Habari za asubuhi, Bi. Sandvik."

Gaylen alisoma darasa moja na Darrin. Alikula mezani pale mara nyingi. Siku zote alimwita Renae kwa jina lake, au akamwita shemeji kama ana njaa.

"Ingia, Gaylen. Kahawa ipo."

"Hapana, buti zangu chafu."

"Ingia tu, nitapiga deki."

"Hapana, asante, nimekunywa."

"Nusu kikombe."

"Hapana."

Kwetu mtu hukataa kahawa mara mbili kwa adabu, na ya tatu hukubali. Renae aliushika mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha nyuma, kama alivyozoea tangu daktari akate ncha za vidole vilivyoganda.

"Ni kile kibanda," Gaylen alisema, akiitazama kofia yake. "Mwisho ni Jumatatu. Vibanda vyote viwe vimetoka ziwani kabla barafu haijalainika. Chenu ndicho kilichobaki upande huu."

"Nilidhani Clayton amekitoa."

"Na mimi nilidhani hivyo. Kila nikimwambia anasema kesho. Sijui kinachomzuia. Gari analo, mnyororo anao."

"Na kisipotoka?"

"Faini. Halafu tunakivuta sisi, na gharama inakuwa juu yako." Akavaa kofia. "Nisingependa kuiandika karatasi hiyo. Lakini nitaiandika."

Gari lake liliondoka polepole, likipita mbele ya nyumba kubwa ya wakwe wa Renae, ambako pazia la jikoni lilitikisika kidogo.

*

Nyumba hizo mbili zilikuwa uwanja mmoja. Kubwa ilikuwa ya mzee Delmar na mkewe Arlys, pamoja na Clayton, mtoto wao mdogo ambaye hakuwahi kuoa. Ndogo, trela lililogeuzwa nyumba, ilikuwa ya Darrin na Renae. Umeme waya mmoja, gesi tangi moja. Renae alivuka theluji na kuingia bila kubisha, kama kawaida ya pale, na mara tu alipoingia alijua kwamba safari hii alipaswa kubisha.

Delmar alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio. Clayton alikuwa mezani na yai la kukaanga. Arlys alikuwa kwenye sinki, mgongo kwa watu.

"Gaylen alikuja," Renae alisema.

"Tumeliona gari," Arlys alisema bila kugeuka. Uwanjani pale hakuna gari lililopata kuingia bila Arlys kujua matairi yake ni ya mwaka gani.

"Anasema kibanda hakijatoka. Clayton?"

"Nakitoa Jumamosi," Clayton aliliambia yai. "Peke yangu. Hakuna haja ya mtu kuja."

"Nakuja na wewe."

"Shemeji, kwa vidole hivyo?"

"Ninavyo vingine."

Delmar akatoa kicheko kidogo cha puani. Mkewe alimgeukia, na kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mwache afanye kazi yake," Arlys alisema. Aliikausha sahani ambayo tayari ilikuwa kavu. "Kile kibanda umeshakaa nacho vya kutosha."

Kwenye redio mtu alikuwa akisoma bei ya maharage ya soya.

"Mama yako hajambo, huko Fargo?" Arlys aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa laini, ile sauti ya kuwakaribisha wageni. "Pengine angefurahi kuwa nawe masika haya. Nyumba yenu ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Na tangi la gesi mwaka huu linakwisha haraka, sijui kwa nini."

Nyumba ile "kubwa" ilikuwa na vyumba viwili, na Darrin alikuwa akigonga kichwa chake kwenye dari kila alipovaa suruali.

"Situmii gesi nyingi, mama," Renae alisema.

"Sikusema wewe. Nimesema tangi."

Renae alipotoka, Clayton alilisukuma lile yai hadi ukingoni mwa sahani. Alijua kitu ambacho hakuna mwingine chumbani mle aliyekijua, na tangu Darrin afe kitu hicho kilikuwa kikikaa naye mezani kila asubuhi.

Siku ile ya msiba, mchana, upepo uligeuka ukaanza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi. Clayton alipita ziwani akijua kwamba kaka yake na Renae watalala kibandani. Akachukua koleo. Akafanya alivyofanya baba yake na babu yake: akajaza theluji kuzunguka kibanda chote kwa chini, akaipiga kwa mgongo wa koleo mpaka ikashikamana, kisha akachota maji kwenye shimo la kuvulia lililotobolewa katika barafu na kuyamwaga juu yake. Yakaganda, yakawa saruji. Kibanda kilichovishwa hivyo upepo haukigusi. Zamani, kwa jiko la kuni la mzee Delmar lenye bomba la kupandisha moshi juu ya paa, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti ya kulala na kutolala.

Lakini Darrin alikuwa ameliuza jiko la kuni na kufunga hita ya gesi ukutani. Muuzaji alimwambia waziwazi: hita hii inakula hewa ileile mnayovuta, na ikikosa ya kutosha inatema sumu isiyo na harufu wala moshi. Acheni wazi tundu moja chini ukutani na dirisha kidogo juu, usiku kucha, hata mkitetemeka. Darrin akatoboa tundu la chini, akalifunika kwa wavu wa kuzuia panya. Clayton aliuona ule wavu. Akadhani ni mbao iliyooza na kuzibwa, mahali upepo unapopenyea. Akapakandamiza kuliko kwingine kote, akapamwagia maji tena.

Alifanya kwa mapenzi. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa amegombana na Darrin miaka nenda miaka rudi, kwa habari ya trekta, kwa habari ya mbwa, kwa habari ya nani anampenda mzee zaidi, na siku moja tu alipoamua kumtendea wema bila kumwambia, ikawa siku hiyo.

Jioni upepo ulileta theluji mpya ukaifunika kazi yake. Darrin na Renae walifika gizani, wakaingia. Kabla ya alfajiri Renae aliamka kichwa kikimpasuka, akatapika, akatambaa hadi mlangoni, akaangukia nje, mkono mmoja ukiwa hauna glavu. Hapo ndipo mvuvi mwingine alipomkuta. Darrin hakuamka. Askari wa wilaya walikuta dirisha la juu limefungwa, wakamuuliza Renae, naye akasema ndiyo, mimi ndiye niliyelifunga, nilikuwa nasikia baridi. Wakaandika. Kwa mji mzima hadithi iliishia hapo.

*

Jumatano za Kwaresima kanisani kuna supu, ukumbi wa chini. Kila mwanamke huleta chombo cha chakula. Renae alipika wali pori, ule mchele mweusi wa ziwani, na kuku, akatandaza jibini juu yake kama Darrin alivyopenda, akalibeba bakuli kwa mikono miwili, na mkono wa kulia haukuweza kujificha.

"Jamani, Renae! Umejisumbua," alisema LaDonna, msimamizi wa jiko la kanisa. "Weka hapo tu, mwishoni."

Aliliweka mwishoni. Watu walipanga foleni, wakafika kwenye wali wa Renae, wakautazama kama mtu anavyotazama jeneza lililo wazi, kwa heshima, wakapita. Mzee mmoja kiziwi alipakua kijiko. Mkewe alimvuta mkono wa sweta.

Renae alikuwa jikoni akitafuta kitambaa aliposikia sauti kutoka upande wa pili wa dirisha la kupitishia vyakula.

"Simlaumu," ilikuwa sauti ya Arlys. "Nani atamlaumu mtu kwa kusikia baridi? Ni maumbile. Darrin alilelewa kwenye barafu, yeye hakulelewa hivyo. Ndiyo maana nasema simlaumu."

"Una moyo mkubwa, Arlys."

"Nasema tu, mtu mwingine angevaa soksi nyingine."

Renae alilichukua bakuli lake likiwa limepungua kijiko kimoja tu, akapanda ngazi. Nje hakufunga vifungo vya koti. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, jibu fupi ambalo lingemnyamazisha Arlys maisha yake yote, na kila siku alilimeza.

*

Jumamosi Clayton alijaribu kuondoka mapema. Renae alikuwa tayari amekaa ndani ya pikapu, mtaimbo katikati ya magoti yake.

"Huamini kwamba nitakitoa?"

"Naamini. Endesha."

Jua lilikuwa kali na halikuwa na joto lolote. Ziwani njia ya magari bado ilionekana, na pembeni yake alama za mraba mahali palipokuwa na vibanda vya watu. Kibanda cha Darrin kilisimama peke yake, cha mbao zilizopakwa rangi ya kijani, kimezama kwenye theluji hadi karibu na kitasa cha mlango.

"Sikiliza," Clayton alisema. "Wewe shika upande wa mlango, huko theluji ni laini. Upande wa kule nyuma niachie mimi."

"Kwa nini?"

"Ni mgumu."

"Nimekuja kwa ajili ya ugumu, shemeji. Nimekaa mwezi mzima na laini. Ndiyo Bi. Sandvik, hapana Bi. Sandvik, weka hapo tu mwishoni."

Akaenda nyuma. Clayton alibaki ameshika koleo, akisikia mtaimbo ukianza kugonga. Alitaka kumwita. Alifungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi ukiingiza baridi.

Renae alipiga vibaya mwanzoni, kwa sababu ya vidole. Kisha akapata namna: mkono wa kushoto unainua, wa kulia unaelekeza. Theluji ya juu ilimwagika kama unga. Chini yake palikuwa pagumu, na pagumu pale palipasuka vipande vipana, safi, vya kuonea hata kivuli chake. Aliviangalia. Upepo hauleti maji. Akainama. Kwenye kipande kimoja, upande wa ndani, palikuwa na alama ya mgongo wa koleo, imeganda humo kama kiganja kwenye saruji mbichi.

Akapiga tena, haraka. Kipande kingine kikaanguka, na nyuma yake ukatokea wavu. Kila kijitundu cha wavu ule kilikuwa kimejaa barafu.

"Clayton."

Alinyooka, akapaza sauti.

"Clayton, njoo hapa."

Alikuja. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Nani alimwaga maji hapa?"

"Shemeji…"

"Nimekuuliza nani."

"Mimi." Ilitoka ndogo. "Mchana ule. Upepo uligeuka. Niliwavisha kibanda mpate joto. Sikujua hilo tundu ni la nini. Haki ya Mungu, Renae, sikujua. Nilijua baadaye, walipokuwa wakieleza habari ya hita kule kituoni. Nilisimama pale nikajua."

"Baadaye lini? Kabla sijatoka hospitali?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Mtaimbo ulitoka mkononi mwake kabla hajaamua kuutupa. Ulipita pembeni ya goti la Clayton, ukateleza mbali juu ya barafu ukilia kama kengele ya kanisa, na Clayton hakusogea hata kidogo. Labda alitaka umpate.

"Ulikuwa unakula mayai!" Renae alipiga kelele. "Mama yako ananifukuza mbele yako, nawe unakula mayai! Kila usiku nauangalia mkono huu najiuliza, huu ndio ulioua? Huu uliofunga dirisha? Daktari alipokata vidole nilifurahi, unasikia? Nilifurahi! Nilisema angalau nimelipa kidogo!"

"Najua."

"Hujui kitu!"

"Sijui." Alikuwa analia sasa, mtu mzima mwenye ndevu, na machozi yalikuwa yakiganda kwenye ndevu hizo. "Niliogopa mama. Nimemuogopa tangu nizaliwe. Darrin alikuwa ndiye mtoto. Mimi nilikuwa mtu wa kusaidia kazi. Nikasema akijua kwamba ni mimi, nitakuwa nani?"

Renae alikaa chini kwenye vipande vya barafu. Mbali, upande wa bandari, gari la mtu lilikuwa likivuta kibanda kuelekea ufukweni, dogo kama mdudu aliyebeba punje.

"Dirisha nililifunga kweli," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imemwishia. "Hilo ni langu. Kama tundu hili lingekuwa wazi, tungeamka na kichwa kuuma, basi. Kama dirisha lingekuwa wazi, vivyo hivyo. Wewe chini, mimi juu."

"Wewe hukujua."

"Na wewe hukujua. Na kuna lingine." Alifuta pua kwa glavu. "Kengele ilikuwepo. Ile ya kupiga kelele sumu ikianza. Ilikuwa inalialia kwa sababu ya baridi, betri inakufa. Darrin akaitoa betri. Akasema, nitaweka nyingine kesho, acha tulale. Askari waliikuta mfukoni mwake. Niliwaomba wasiwaambie nyumbani, wakakubali."

Clayton alimtazama. "Kwa hiyo ungeweza… Watu wamekusema mji mzima, na ulikuwa na hilo mkononi?"

"Ningesema nini? Arlys, mtoto wako aliinyamazisha kengele yake mwenyewe kwa uvivu? Ndiyo, ningesema. Nililiandaa mara nyingi. Nikiwa kwenye foleni ya supu nililiandaa. Halafu namwona anavyoyakunja mashati ya Darrin." Akasimama, akajipangusa. "Hilo linabaki hapa ziwani. Umenielewa? La kwako unalibeba hadi nyumbani leo, na langu nalibeba. La Darrin linabaki hapa."

"Nimekuelewa."

"Basi nenda ukaniletee mtaimbo wangu."

Walifanya kazi hadi mchana, bila maneno zaidi ya inua, sukuma, ngoja. Kibanda kilipong'oka kilitoa mlio wa mbao unaokata moyo, kikakaa juu ya magogo waliyoweka chini yake, kimeinama kidogo. Renae hakuingia ndani. Clayton alifunga mnyororo.

*

Arlys alikuwa akikanda unga. Delmar alikuwa kitini pake. Walipoingia wote wawili, buti zikiwa na theluji, Arlys alitazama sakafu kwanza.

"Buti," alisema.

"Mama, zima redio," Clayton alisema.

Nyumbani mle hakuna aliyewahi kumwamuru Arlys lolote kuhusu redio. Delmar ndiye aliyenyoosha mkono akaizima.

Clayton alisema akiwa amesimama. Alisema vibaya, akianza katikati na kurudi mwanzo, lakini alisema yote: upepo, koleo, maji, wavu, kituo cha askari, ukimya. Mikono ya Arlys ilikuwa imezama ndani ya unga, na haikutoka.

"Nani amekuuliza?" Arlys alisema, Clayton alipomaliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi kwa nini unaniambia? Nimefiwa… Nina mtoto mmoja aliyebaki, naye anakuja kuniambia hivi?" Akamgeukia Renae, na macho yake yalikuwa makali kama ya mtu anayetafuta pa kushika asianguke. "Wewe ndiye uliyemtuma. Na dirisha je? Dirisha nani alifunga?"

"Mimi, mama. Sijakana hata siku moja."

"Mimi ndiye niliyewafundisha maji," Delmar alisema.

Walimgeukia. Mzee alikuwa akitazama mikono yake mapajani. "Wakiwa wadogo hivi. Niliwaambia theluji bila maji ni kazi bure. Nilimchapa Clayton kwa kuacha pengo. Unakumbuka, Clay? Pengo dogo, la kupitisha kidole."

"Nakumbuka, baba."

"Hukuacha pengo tena."

Arlys alitoa mikono kwenye unga. Alitaka kujipangusa, akasahau alichotaka. "Kengele," alisema. "Kulikuwa na kengele. Nilimnunulia mwenyewe Krismasi. Nilimwambia Darrin, hili si pambo. Kwa nini haikulia?"

Clayton aliangalia sakafu. Renae hakuangalia popote isipokuwa usoni mwa mama mkwe wake.

"Iliganda, mama," alisema. "Baridi ilikuwa kali mno. Betri iliganda."

Arlys alimlea Darrin. Ni yeye aliyekuwa akirudisha betri kwenye kengele ya moshi ya chumba chake, kila wiki, kwa sababu kijana hakuvumilia kitu kinacholialia akiwa na usingizi. Alimlea, alimjua, na sasa alimtazama mwanamke huyu aliyesimama jikoni kwake na mkono wenye vidole vifupi ukiwa wazi, haufichwi, na akaelewa alichopewa. Akaelewa pia kwamba alikuwa akipewa kwa mwezi mzima, kila Jumatano ya supu, naye akilipa kwa maneno yake ya ukumbini.

Alivuta kiti, akakaa. Unga ulidondoka kwenye aproni.

"Siwezi kusema linalotakiwa kusemwa," alisema. "Mdomo haufunguki. Hata kwa Delmar haujawahi kufunguka."

"Ni kweli," Delmar alisema.

"Nyamaza, Delmar."

Akanyamaza. Arlys alizitazama buti za Renae, na dimbwi lililokuwa likikua chini yake, na hakusema chochote kuhusu dimbwi.

"Una baridi," alisema.

"Nina baridi, mama," Renae alisema. Hakuwa amekiri hivyo mbele ya mtu tangu siku ile.

"Kaa karibu na jiko."

Alikaa. Clayton alibaki amesimama mlangoni, hakuna aliyemwambia akae wala atoke, na hiyo ilikuwa adhabu yake ya kwanza. Nyingine zingekuja polepole, kwa miaka.

"Mchungaji amepiga simu," Arlys alisema. Darrin alikuwa bado hajazikwa. Alikuwa kwenye kijumba cha mawe cha makaburini pamoja na wengine waliofariki majira ya baridi, wote wakingoja ardhi ilainike koleo lipite. "Anasema baada ya Pasaka pengine. Nilikuwa nimemwambia familia itasimama mbele, na wewe na watu wako wa Fargo msimame nyuma yetu."

Arlys aliunyoosha mkono wake wenye unga, akaushika ule mkono wa kulia, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika kitu cha mwenzake.

"Nitampigia leo hii," alisema. "Siku ile utasimama kuliani kwangu, na udongo wa kwanza utautupa wewe, si mimi. Mbele ya mji mzima. Nakuahidi, mwanangu."